Bomba Lililobanwa Ncha Zote Mbili

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu. Mimi ni mchoraji wa mabomba katika kiwanda cha sabuni, nina mume mwema na nyumba yenye amani, na fundi mkuu wetu ni baba mkwe wangu, ndiye aliyenifundisha kazi na kunibandika jina la Bi Vipimo, na huwaambia wote kwamba mkwe wake hakosei. Tarehe 3 nilikokotoa bomba jipya la mvuke, mita arobaini kutoka kwenye boila, nikapima shinikizo la ndani na unene wa chuma, vyote vikatosha, nikachora ncha zote mbili zibanwe ukutani ili lisitikisike, Baba akasifu lilivyonyooka, likafungwa. Tarehe 11 nikapitia shajara yangu nikaona hesabu ya joto sikuiandika popote, nikaifanya papo hapo, kumbe mvuke ukiingia chuma kile kitarefuka sentimita saba na hakina pa kwenda. Jumatatu mvuke unafunguliwa. Mara mbili nimeanza kumwambia, mara mbili amesema, "Kunywa chai kwanza, mwanangu," nami nikanywa. Kipindi chako tunakisikiliza sote, mimi asubuhi, yeye marudio ya saa saba mchana karakanani. Nifanyeje?

Bi Vipimo, pole, na hongera kwa kurudia hesabu ambayo hakuna aliyekuuliza. Sasa nikugombeze. Nilimuuliza jirani yangu, fundi wa boila, akacheka, kisha akaacha kucheka: bomba lililobanwa hivyo litapinda, au litang'oa ukuta, au litapasuka kwenye kiungo huku mtu amesimama chini yake. Mbele ya mtu huyo, sifa za mkwe zina uzito gani?

Usiende na machozi. Nenda na shajara na mchoro mpya, katikati bomba likunjwe kona nne kama fremu ya mlango, joto lipate pa kuchezea. Mwambie, "Baba, nimekosea, na dawa yake hii hapa." Usiguse kikombe kabla hujamaliza. Aliyekufundisha kupima hatashangaa kwamba umepima tena.

Na jingine. Umeleta siri hii kwenye kipindi anachokisikiliza yeye mwenyewe. Ulitaka redio ikusemee, dada, nami nimekujua. Sasa ni saa tatu asubuhi, na marudio ni saa saba. Vaa viatu.