Rangi Niliyoiandika kwenye Kadi ya Baba

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Mwembesongo tupo, na shangazi yako amejifungua salama. Unauliza kwa nini nakutajia kipimo cha sukari yangu hata kinapokuogopesha.

Mwaka ule maduka yalipoanza kujaa soda, baba yangu aliugua kisukari akashuka kutoka Uluguru kukaa nami. Kila asubuhi nilichemsha mkojo wake na dawa ya bluu. Rangi ikibaki bluu, ni salama. Ikiwa nyekundu, sukari imezidi. Siku moja ikawa nyekundu kama tofali.

"Andika bluu," akasema. "Daktari atanizuia kurudi shamba."

"Lakini baba, ni nyekundu."

"Kwani mgonjwa ni wewe, mama?" Akacheka.

Kwenye kadi ya kliniki nikaandika bluu, wiki tatu mfululizo. Kwenye shajara yangu niliandika nyekundu. Daktari akaisoma kadi, akamruhusu. Baba alianguka kwenye matuta yake ya kabichi, na huko huko tukamzika.

Shajara ile bado ninayo. Leo asubuhi mashine ya kupimia sukari imeonyesha kumi na saba, imezidi sana, nami nimekuandikia kumi na saba.

Bibi yako