Hapa Ni Wapi, Mwanangu

Kisiwa cha Ngumi, 3 Juni 2020

Mwanangu Mwanalima,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuuliza afya yako, kifua chako, na hiyo korona ya Mombasa. Sisi wazima. Mdogo wako Barke mzima, tumbo limefika mwezi wa nane na anagombana na kila mtu, hata kuku.

Sauti yako ya somo tumeipata. Ilibidi nipande juu ya birika la maji la msikiti ndipo simu ikashika mtandao, na mamako si msichana wa kupanda mabirika. Darasa lako zima la wanawake tukakaa kusikiliza. Sasa sikia. Umesema, "Wekeni mkono hapa, mbonyeze hivi." Hapa ni wapi, mwanangu? Hivi ni vipi? Tima aliweka mkono kwenye mbavu, Twahira kwenye nyonga, wakabishana juu ya tumbo la Barke kama papai la sokoni. Ulipokuwa ukitufundisha ukunga nyumbani, kabla wenye bunduki hawajakufukuza kisiwani, tulikuwa tunaiona mikono yako. Sasa hatuioni. Rekodi upya.

Mamako

Mombasa, 9 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yamelisamehe birika. Mimi mzima, kifua kimetulia.

Umenicheka na una haki. Chuo ninakofundisha wakunga kimefungwa kwa sababu ya korona, tumeambiwa masomo yote tuyahamishie mtandaoni. Niliwatumia wanafunzi maneno yaleyale ya darasani, nao wakaniuliza kama wewe. Miaka yote hii sikujua kwamba nusu ya somo langu imo mikononi.

Basi nimerekodi upya nikiwa nimefumba macho, kila kitu nimekisema kwa mdomo. Chukueni nazi, mzifunge ndani ya leso pamoja na mto mdogo. Kila mmoja apapase bila kutazama, aseme kichwa kiko upande gani, mnitumie sauti zenu. Nitamsahihisha kila mmoja, na wewe pia.

Mwanao, Mwanalima

Ngumi, 28 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila nazi zimekwisha kwa ajili yako, na waume wanakula wali mkavu wakinung'unika.

Lakini Tima sasa ana mkono. Jana alimpapasa Barke, kisha akasema, "Kichwa kiko juu, chini ya mbavu. Huyu mchu mdogo ameketi, makalio chini." Nikapapasa na mimi. Ameketi kweli, na siku zenyewe zimebaki chache.

Hilo ndilo somo ulilokuwa hujatufikisha ulipokimbia. Tuletee.

Mamako

Mombasa, 30 Juni

Mama,

Shikamoo, na hapana. Mpeleke Barke hospitali Kismayu, leo kama inawezekana. Somo la mtoto aliyeketi silifundishi kwa simu. Chuoni nalifundisha nikiwa nimeweka mikono yangu juu ya mikono ya mwanafunzi. Nikikosea neno moja, mdogo wangu anakufa na mtoto wake, na mimi niko huku, mpaka wa nchi zetu mbili umefungwa, nimekaa na simu. Usiniombe tena.

Mwanalima

Ngumi, 2 Julai

Mwanalima,

Salamu ni zilezile, sina nafasi.

Kismayu hatuendi. Wenye bunduki wamekaa pwani ya bara, wamekataza mashua yoyote kuondoka, na ya jirani yetu Famau wameitoboa ili tuelewe. Kwa hiyo Barke atazaa Ngumi, kwa somo au bila somo.

Mwaka wa tisini na moja nilikimbia nawe mgongoni, mizinga inalia nyuma, wala njia siijui. Sikungoja mtu aje kunishika mkono. Wale walikufukuza kwa sababu ulikuwa unafundisha, basi usiwamalizie kazi yao. Unaogopa. Hata mimi naogopa, usiku silali. Fundisha huku unaogopa.

Mamako

Mombasa, 5 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Nimelia, kisha nimerekodi.

Kila nilipojisikiliza nilijiuliza mikono yangu hufanya nini katika somo hili. Mama, haifanyi kitu. Ninapoishika mikono ya wanafunzi siiongozi, naizuia. Sasa nimelisema kwa mdomo. Barke apige magoti, ashike kamba za kitanda. Makalio yakianza kutoka, msimguse mtoto. Mtatamani sana kuvuta. Msivute. Yaliyobaki yamo kwenye sauti. Likaririni kama mlivyokariri Kurani chuoni mkiwa watoto, mpaka mlichoke. Niambie limefika.

Mwanao

Mombasa, 13 Julai

Mama,

Salamu kwenu nyote. Simu inaonyesha sauti ilifika, lakini jibu sijapata. Au birika limekushinda? Natania kwa sababu sijui niseme nini. Nijibu hata neno moja.

Mwanao

Ngumi, 21 Julai
Kwa mkono wa Famau, kupitia Ras Kamboni na Kiunga

Mwanangu,

Salamu, na pole kwa kungoja. Famau ameziba mashua yake na anavuka usiku wasimwone, ndiyo maana unasoma karatasi. Sisi wazima wote, na tumeongezeka.

Wenye bunduki walikuja siku ya pili baada ya sauti yako kufika. Wakachukua simu zote za kisiwa, wakasema masomo yamekwisha. Walichelewa. Tulikuwa tumeshalikariri neno kwa neno, na pale ulipokohoa Tima naye alikohoa, hakutaka kuacha kitu.

Barke alishikwa na uchungu Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Alipiga magoti, kamba mkononi, anatutukana. Twahira akalisoma somo kwa sauti. Makalio yakatoka, miguu ikashuka, kisha mtoto akaning'inia, hasogei. Tima akanyoosha mikono, nikampiga kibao. Halafu nikaiona mikono yangu mwenyewe inakwenda, mimi niliyemzaa Barke, nikaikalia. Nimekaa juu ya mikono yangu, machozi yananitoka, Twahira anasema, "Msivute, msivute," na Tima akakohoa palepale ulipokohoa wewe. Kichwa kikateremka chenyewe.

Hakulia. Tukamfuta, tukamsugua mgongo kama ulivyotufundisha zamani, ndipo akalia, akatukasirikia sote. Ni msichana. Barke amechoka lakini anakula, na ugomvi umemrudia.

Wanawake wa kisiwa cha Chovai wamesikia, wanakuja kujifunza. Wenye bunduki wakirudi hawatakuta simu ya kuchukua. Somo linalofuata liandike kwenye karatasi, Famau anangoja Kiunga. Andika herufi kubwa, macho yangu si ya zamani. Na usiandike "hapa".

Mamako