Antena ya Kilimani Rurambo

Jumatatu, 4 Machi

Nimefungua kituo cha afya, nimewasha betri ya sola, nimesubiri taa ya ruta. Kijani. Kompyuta zetu zinaongea kupitia swichi, lakini hayo ni maongezi ya humu ndani. Ruta ndiyo inayotutoa nje. Antena yetu ya kilimani inatazamana na ya Sange, Sange inapokezana na Uvira. Picha napiga huku juu, daktari anaiona kule Uvira, ziwani. Bado nashangaa kama mtoto.

Jumanne, 5 Machi

Nabintu, mimba ya mapacha. Nimempiga ekografi, picha ya tumboni. Mmoja kalala vibaya, nadhani. Nadhani tu! Daktari lazima aone. Kumshusha kwa kipoyi, machela yetu ya kubeba mabegani, kwenye utelezi huu ni hatari. Kumbakiza hapa, kumbe anahitaji kupasuliwa, ni kumuua. Mumewe Bahati, mfugaji, kasimama mlangoni.

Jioni nimejaribu kutuma picha. Taa nyekundu. Hakuna mtandao.

Jumatano, 6 Machi

Aline, fundi wetu wa mtandao, amepanda kwa miguu kutoka Nyamianda, matope hadi magotini. Nampenda yule binti. Kapima swichi, nyaya, ruta. Vyote vizima. Basi shida iko njiani, kasema. Kapanda mlingoti, kageuza antena kidogo tu. Kijani! Kabla picha haijamaliza kwenda, nyekundu tena. Nimelia kwa hasira.

Alhamisi, 7 Machi

Tumbo la Nabintu limeanza kukaza. Naogopa.

Aline kaenda kukaa karibu na mlingoti, mvua inamnyea, anautazama tu. Nikamwona kichaa. Mara namsikia akiniita kwa kelele: "Mama Riziki, kuya uone! Ngombe iko najikuna pa mulingoti!"

Kweli. Ng'ombe mwekundu, macho kafumba kwa raha, mlingoti unayumba, antena imegeukia ziwani. Nimecheka hadi nikakaa chini. Aline kamfukuza, kairudisha antena ielekee Sange, kabaki pale na fimbo. Nikakimbia kutuma.

Imefika! Daktari kajibu: mshusheni sasa hivi. Bahati kashika kipoyi mbele.

Akili ya yule binti!

Jumapili, 10 Machi

Ujumbe kutoka Uvira. Wamempasua. Watoto wazima, mama mzima. Nimeusoma tena na tena.

Bahati karudi kuangalia mifugo. Kakata mianzi, kauzungushia mlingoti uzio. Kisha kachimbia gogo pembeni, la ng'ombe wake mwekundu kujikunia.