Mkoba Uliodakwa na Gurudumu

Shakila, ule uvumi wa kijana wa mtaa wa Jajmau aliyeangushwa na mkoba wa pikipiki yake, si nilikwambia hauniondoki kichwani? Leo yamenikuta mimi!

Mwanangu Tabrez kaanguka na pikipiki. Mzima, kachubuka kiwiko tu, alhamdulillahi.

Chanzo ni shemeji Mushtaq, fundi wa matandiko ya farasi! Ndiye aliyetia vibao vya kuikaza mikoba ya ngozi inayoning'inia ubavuni mwa pikipiki. Jana nilibonyeza upande wa ndani, unaoelekea gurudumu. Laini kama chapati! Nikamuuliza, "Mbona hapa hujaweka kibao?"

Akanicheka. "Shemeji, upande wa ndani huachwa laini. Kibao kitamchubua."

Kitamchubua nani, Shakila? Pikipiki?

Nami nikanyamaza. Leo, kilomita mbili tu, mkoba ukabonyea, gurudumu la nyuma likaudaka.

Na bado anajitapa! "Miaka arobaini, hakuna farasi aliyelalamika." Nikamwambia, "Farasi ana gurudumu wapi, we mzee?"

Imtiyaz wako akitaka mikoba:

Asimpe kazi fundi wa farasi.
Asikubali kuwekewa boksi badala ya kibao, likilowa linalegea.
Asiondoke kabla wewe mwenyewe hujabonyeza upande wa ndani.
Na wakikucheka, usinyamaze kama mimi.