Koo la Ephraïm

Alhamisi, 3 Oktoba 2013

Mvua tangu alfajiri. Mtaa wa Kisenyi wote tope, na dukani kwa Shakib hajaingia mtu. Yeye anauza kompyuta za mtumba, mimi nazitengeneza. Leo hakuna cha kutengeneza. Tumekaa tu tunasikiliza bati.

Nimeitoa laptop ya kaka kwenye mfuko. Sijui kwa nini leo. Labda ni hii mvua — yeye alipenda kufanya kazi mvua ikinyesha, alisema ndiyo saa pekee ambayo hakuna mtu wa kumwita.

Ephraïm. Hapa daftarini naweza kuliandika. Nyumbani halitajwi. Aliondoka tarehe 14 Januari mwaka jana kwenda Uvira, kule tulikotoka, kuchukua diploma yake. Akapiga simu mara moja kutoka Bukavu. Basi. Mwaka ukapita. Wakubwa wa kwetu wakamwambia Mama: huwezi kukaa hivi, hulii wala hucheki, mzike mtoto. Mwili hakuna. Tukazika mgomba, kama inavyofanywa kwetu mtu akipotea — mche mmoja tukauvika shati lake, tukaulaza shimoni nyuma ya jiko, kule Mengo tunakopanga. Hiyo ilikuwa Februari. Tangu hapo jina lake linapumzika mpaka azaliwe mtoto wa kulibeba.

Humu kuna faili arobaini na moja. Sauti za kwaya yetu, alizirekodi mwenyewe. Ila zimefungwa kwa namna yake, hakuna kinachozifungua isipokuwa programu aliyokuwa akiiandika. Faili la mwisho linaitwa "mama". Nimeangalia tarehe. 14 Januari, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Na basi liliondoka saa moja!

Alimwachia Mama maneno. Yamo humu ndani, karibu mwaka na miezi tisa. Nimesimama, nimekaa, na Shakib ananiuliza kama nimekunywa chai.

Ijumaa, 4 Oktoba

Programu haijapikwa. "Kupika" ni neno lake yeye — kuchukua maandishi yote na kuyageuza kitu kinachofunguka ukikibofya. Leo nimeipika mara tisa. Mara tisa imekataa.

Inakosa maktaba. Yaani hivi: programu haibebi kila kitu, mengine inaazima, kama sisi na kinu cha Haji Abdu mwenye nyumba wetu. Akikificha kinu, hatutwangi. Mashine ikasema, nimetafuta maktaba ya sauti, faili hilo halipo. Nikaivuta mtandaoni. Ikasema sawa, na ya madirisha ya skrini je? Nikaivuta. Na ile inayotakiwa na hiyo ya madirisha? Loo! Kila moja inakuja na dada yake.

Shakib amerudi kutoka sala ya Ijumaa, amenikuta nimelala juu ya kibodi. Nilikuwa nimeota. Nyumba ndefu, milango mingi, na kila mlango nikiufungua kuna mtu mwenye adabu zake ananiambia mwenyewe hayupo, jaribu wa pili. Nikashukuru, nikaenda wa pili. Wala sikuchoka. Kwa mbali alikuwepo mtu anapasha koo, kama wanavyofanya waimbaji kabla ya kuanza.

Jumatatu, 7 Oktoba

Zote zimepatikana. Imebaki moja tu. libkoo.

Hiyo haipo mtandaoni na haitakuwepo, kwa sababu aliiandika yeye peke yake. Ndiyo inayojua kuzifunga na kuzifungua zile sauti. Ndiyo maana aliiita Koo. Shakib ameitafuta kwa simu yake, akacheka: "Banange, Dada Darlène, hiyo hata Google haijui! Ni ya nani?" Nikasema ya kaka yangu. Akaacha kucheka. Baadaye ameniletea chai na kabalagala mbili za moto, vile vitumbua vya ndizi.

Lakini ajabu ni hii — faili lipo! Naliona kwa macho yangu kwenye folda yake, jina zima, libkoo. Mashine inasema halipo. Nimeielekeza kama mgeni: pita hapa, ingia hapa, ndilo hilo mbele yako. Halipo. Nimezima, nimewasha. Halipo. Mmoja wetu ana wazimu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Jioni ilikuwa ya manjano, yale ya baada ya mvua, na ukuta wa Lubiri, ikulu ya mfalme, ukaonekana karibu kuliko siku zote. Nilikuwa natembea polepole sana. Mtu akanipita, mabega yake, nikasema moyoni ni yeye. Hakuwa yeye. Hainiumi tena kama zamani, inanipita tu.

Jumatano, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru, duka limefungwa. Mama hakutoka kuuza vitenge. Amekaa mlangoni anavikunja, akaniona na laptop mapajani. Akauliza natafuta nini "mule mu masini" siku zote hizi, itanimaliza macho. Nikasema ni kazi ya mteja. Nimemdanganya mama yangu, na yeye amejua, kwa sababu hakuuliza mara ya pili.

Sitaki kumwambia mpaka niwe nayo. Nikimwambia halafu isifunguke, nitakuwa nimemzika mtoto wake mara mbili.

Saa sita akachukua yale maji aliyooshea mchele, akaenda nayo nyuma ya jiko. Habari hii sijawahi kuiandika. Mgomba wetu umeota.

Kosa lilikuwa la aibu yetu. Tulimwomba Haji Abdu mche wa ndizi, tukaona haya kumweleza wa nini. Yeye Muganda, muungwana, akadhani tunapanda! Akatuchagulia mzuri, akaung'oa na mizizi yake yote, ilhali wa kuzikwa hukatwa mizizi. Sisi, kwa machozi, tukauvika shati na kuufukia hivyo hivyo. Mwezi wa nne likachomoza jani. Wakubwa wangesema ukatwe, wafu hawaoti. Mama hakumwambia mtu. Sasa umenizidi urefu.

Siku moja nilimuuliza, Mama, unamwagilia kaburi? Akanitazama kama mjinga. "Minamwangia ndizi maji. Kaburi unaona wapi?"

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimejaribu kuandika Koo yangu mwenyewe. Siku mbili. Nilidhani nikisoma programu yake vizuri nitakisia jinsi alivyofunga.

Ikapikika! Ikafunguka! Nikabofya "mama", nikavaa spika za masikioni — na ni mvumo tu. Shhhh, kama mvua ya Alhamisi ile. Dakika nne na sekunde kumi za mvua.

Nimeisikiliza yote. Halafu tena. Mara ya tatu nikaanza kusikia mtu humo ndani, anaongea polepole, anasema mambo ya kawaida, nimeacha funguo mahali fulani, mwambie Darlène ale. Nikajua nimeanza kujitungia. Nikavua spika.

Nimemkasirikia leo. Kwa nini hakutumia njia ya watu wote? Kwa nini kila kitu lazima akitengeneze mwenyewe? Kichwa ngumu. Nimelia chooni kwa Shakib, nikanawa, nikarudi kazini.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeelewa.

Nilikuwa naangalia majina tu. Leo nimeiambia mashine inionyeshe orodha ndefu, jina na habari zake zote. Mbele ya libkoo kuna mshale. Mshale! Si faili lile. Ni kielekezi, kidole kinachoonyesha faili liko kwingine. Jina lipo, linakoelekea hakuna kitu. Mashine ilikuwa inasema kweli tangu Jumatatu.

Na mshale unaelekea kwenye flash. Jina la flash: EPHRA.

Ile ya bluu. Laptop ilikuwa imejaa, kwa hiyo Koo aliiweka kwenye flash. Hakuachana nayo, ilikaa mfuko wa shati. Ila safari ile alibadilisha shati dakika za mwisho, la mistari tukalikuta limetupwa kitandani.

Shati la mistari. Ndilo tulilouvika mgomba. Mimi ndiye niliyefunga vifungo. Nilihisi kitu kigumu mfukoni, nikakiacha. Nilijisemea, chake kiende naye.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani. Kwaya imeimba bila sauti nzuri ya tatu, iliyokuwa yake, kama kawaida tangu aondoke. Mama yuko safu ya pili, sauti yake ileile. Nimemtazama kisogo misa yote. Sikuweza kumwambia.

Jumanne, 15 Oktoba

Idi. Shakib amenialika kwao, mama yake Bi Hindu amenijazia sahani ya pilau mpaka nikaona haya. Watu wazuri. Babu zao walitoka pwani na misafara, na bado Bi Hindu anasema Kiswahili cha kwao, cha kuimba imba, si hiki chetu cha kukimbizana.

Nilimweleza Shakib barazani. Halafu fundi ndani yake akaamka: miezi minane kwenye udongo, mvua mbili, inaweza kuwa imeoza. Au isioze. Yake yeye iliwahi kufuliwa na suruali na bado inafanya kazi hadi leo. "Lakini hiyo si ya kuuliza mimi, nyabo. Muulize mama."

Nimerudi saa kumi. Nimemwambia. Yote — faili, saa ile ya alfajiri, mshale, mfuko. Na kwamba mizizi ya ule mgomba sasa hivi lazima imelizunguka shati, kwa hiyo kulitoa ni kuung'oa. Nilitaja na jina. Lilinitoka.

Mama alikuwa anachambua maharage. Ameendelea kuchambua. Alipomaliza akaanza upya yale yale aliyokwisha kuchambua.

Jumatano, 16 Oktoba

Mama hasemi nami.

Alhamisi, 17 Oktoba

Hasemi. Lakini jana na leo hakumwaga maji ya mchele nyuma ya jiko. Yamekaa kwenye sufuria, yameanza kunuka.

Ijumaa, 18 Oktoba

Asubuhi, nikiwa nafunga viatu, amesema bila kunitazama: Kama akikuja, ataniambia mwenyewe maneno yake kwa kinywa. Kama hakuji, huyu niko naye. Anaota, ana majani, jua likiwa kali namkalia kivulini. "Unataka nipoteze na huyu?"

Nilikaa dukani siku nzima na bisibisi mkononi, sikumbuki nilifungua nini. Ana haki. Na mimi nina haki. Alfajiri ile mimi nilikuwa nimelala, hakuniamsha kuniaga, nami nataka kuisikia sauti yake hata kama hainitaji. Hata kama anamwambia Mama mambo ya diploma tu.

Shakib akauliza, haya? Nikasema amekataa. Akasema basi, kale, ndiyo sawa ya Kiganda, tuache. Na nikaona kweli naweza kuacha. Nimeifunga laptop, nimeirudisha mfukoni.

Jumamosi, 19 Oktoba

Naandika nimekaa chini, ukingoni mwa shimo. Ukurasa una udongo, basi tena.

Nimeamka, Mama hayupo kitandani. Vitenge vyake viko palepale. Nikamkuta nyuma ya jiko, amevaa kitenge cha kanisani, amefunga kilemba, amepiga magoti chini ya mgomba. Mkononi ana mwiko. Ule wa ugali! Nikasema nikaombe jembe kwa Haji. Akasema hapana, jembe litamkata. Pole pole, kwa kando, tupite katikati ya miguu yake.

Miguu ya nani, sikuuliza.

Tumechimba tangu saa moja. Mama kwa mwiko, mimi kwa kijiko na vidole. Mizizi ni mingi, minene kama vidole vyangu, na kila tukifika kwenye mmoja anasimamisha kazi, anautazama unakokwenda, tunauzunguka. Haji Abdu alipita na birika lake, akatuona, akafikiri tunapalilia. Akasifu: mgomba mzuri, atatuletea na samadi. Mama akamshukuru vizuri sana.

Jua limetoka, halijakuwa kali. Majani yanatingishika juu yetu na mwanga unaingia vipande vipande kwenye shimo, juu ya mikono ya Mama, juu ya mwiko. Tangu aondoke sijakaa na Mama hivi, bila kazi nyingine, bila redio. Nilitaka tusifike upesi.

Saa tatu kidole changu kimegusa kitambaa. Kimeoza, lakini mistari inaonekana. Kifungo kimoja. Halafu chini ya mzizi mwembamba mweupe, kitu kigumu, chembamba, pembe nne.

Nikasema, Mama, ni hiki. Akasema, ngoja. Usikitoe. Toa mkono.

Nimetoa mkono. Nimeupangusa udongo, nimechukua daftari.

Mama ameweka mwiko chini. Amejifuta midomo kwa ncha ya kilemba. Ameinama mpaka uso wake uko karibu na udongo, na ameita. Kwa sauti, si kwa kunong'ona. Mara ya kwanza tangu Februari.

"Ephra. Ni siye. Tuko natafuta kitu yako kidogo. Usishituke."

Halafu amegeuza kichwa, sikio kwa shimo, macho amefumba. Anangoja ajibiwe. Haji amerudi, amesimama na birika lake mkononi, hasogei. Na mimi, na akili zangu zote za mashine, nasimamisha kalamu, nisije nikamharibia kusikia —