Yeye Hajasema Tuketi

Baba,

Salamu kutoka Eldoret, ambako baridi imenifanya rafiki wa kila jirani mwenye jiko.

Mazoezi ya ualimu yanaendelea vizuri. Jana darasani mtoto aliuliza kwa nini gunia la mahindi yasiyokauka hupata joto katikati. Nikakwama, nikauliza kwenye kundi la walimu mtandaoni, lile nililokuingiza ulipostaafu ualimu, ukinung'unika kwamba simu haifundishi mtu. Nani akajibu kwa ujumbe wa sauti? Wewe! Nikaweka simu kwa spika. Ukakohoa, ukasema, “Hamjambo, wanafunzi?” Darasa zima likasimama: “Hatujambo, mwalimu!” Ukaeleza mpaka mwisho. Nikawaambia waketi, wakakataa.

“Madam, yeye hajasema.”

Tuma sauti nyingine, mwalimu wetu. Safari hii uwaruhusu waketi.

Mwanao akupendaye,
Nekesa