Sikio la Kushoto la Ng'ombe wa Mashuuru

Anti Nduku,

Nakuomba kitu kimoja kabla hujasoma zaidi. Barua hii iwe yako peke yako. Usimsomee hata Susu, mama yako. Najua mmelala ubavu kwa ubavu huko nyumbani, lakini Susu hakuwahi kukaa na siri mpaka jioni. Neno la humu likirudi hapa Kitengela kabla ya Jumatatu, mimi sina kazi. Ni Ijumaa mchana, nimefunga mlango na kuegemeza kiti, na bado kila nikisikia hatua kwenye ngazi naifunika karatasi.

Ni mimi, Mwende. Yule uliyemwita Karani kabla hata hajamaliza shule ya msingi, kwa sababu alinawa mikono kabla ya kushika brashi na akanawa tena baadaye. "Wewe unaogopa hata doa," ulisema. "Utaishia ofisini." Nimeishia ofisini, Anti. Niko kwenye chuo kimoja hapa mjini kinachofundisha usanifu wa michoro: mabango, nembo, majalada ya vitabu, maumbo ya herufi. Sifundishi. Natunza kumbukumbu. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na anayeuwekea sahihi ni mwenyekiti wa bodi, na mwenyekiti wa bodi ni Mzee Harrison. Ndiyo. Harrison yule yule wa duka la mabango, uliyemfanyia kazi miaka yote ile.

Mengi yamebadilika. Barabara imepanuliwa, na pale ulipokuwa ukiegemeza ngazi wanauza vifuniko vya simu. Mabango sasa hutoka kwenye mashine, plastiki tupu, na kila duka lina herufi zilezile. Nikipita nahesabu yako yaliyobaki. Mwaka huu nimepata moja tu, kinyozi karibu na stendi, na hilo nalo limekatwa nusu ili waweke dirisha.

Kwa hiyo sikiliza hili. Chuoni tumenunua miwani mikubwa, mizito kama ya fundi wa kuchomelea vyuma. Ukiivaa huoni chumba ulimokaa. Unaona mahali pengine, ukigeuza kichwa mahali pale napo panageuka, unatembea humo. Wanaita uhalisia pepe. Mwalimu Sironka, mwalimu wetu wa historia ya usanifu, alichoka kuona wanafunzi wakisinzia juu ya vitabu, akaamua kuwatembeza ndani ya historia yenyewe. Kwanza unaingia karakana ya zamani sana ya kupiga chapa, herufi za madini ya risasi zimepangwa kwenye visanduku. Kisha mtaa wa Ulaya uliojaa mabango ya maigizo. Kisha unafungua mlango wa tatu, na uko Kitengela.

Ni sisi, Anti. Ni barabara moja iliyounganisha mabango ya hapa, ya Kajiado mjini na ya Mashuuru, wakati kila kitu kilichorwa kwa mkono. Ukisogelea neno, sauti inakueleza mchoraji alianza wapi na brashi, kwa nini kivuli cha herufi kiko chini kulia. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya NYAMA SAFI yako mpaka vioo vikapata ukungu. Nilimwambia fundi wetu Kevo kwamba nina mafua.

Sasa yale yanayonitisha.

Kila bango lina fomu. Mahali, mwenye duka, mchoraji. Kuijaza ni kazi yangu. Picha nyingi zilitoka kwenye albamu ya Mzee Harrison, naye aliileta mwenyewe, akavuta kiti akaketi karibu nami. Alikuwa mpole. Aliuliza kama nimekunywa chai. Kisha akaweka kidole kwenye nafasi ya mchoraji, akasema, "Hapo andika Harrison. Zote."

Nikaandika, Anti. Mabango kumi na saba. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Hakunitambua. Kwake mimi ni Mwende wa rejista, na sikuwahi kumwambia mimi ni wa nani. Nilijisemea kwamba wewe umepumzika, jina halikuongezei kitu, na mimi nahitaji kodi ya nyumba. Chini ya kila fomu kuna mstari, Usahihi umehakikiwa. Niliweka sahihi yangu nzuri.

Wiki iliyofuata Kevo akaniita kwenye mashine yake. Alikuwa anasafisha picha, anaondoa kutu na mikwaruzo. Akanionyesha ng'ombe wa bucha ya Mashuuru. "Madam, hapa sikio limeliwa na kutu. Niliziba kwa huyu na kwa wale wengine wawili. Cheki kama iko sawa."

Haikuwa kutu. Nilijua haikuwa kutu. Mimi ndiye niliyekushikia mkebe ukikata ile pembetatu ndogo kwa rangi, upande wa chini wa sikio la kushoto. Uliniambia ulivyojifunza utotoni, kwa yule yeyo jirani yenu, mama wa Kimaasai aliyewapa maziwa. Kila ukoo una namna yake ya kukata masikio ya mifugo, ng'ombe akipotea hata mtoto anajua arudishwe kwa nani. Harrison hakuruhusu mtu kuweka jina kwenye bango ila lake. Basi ukaweka alama. Ulicheka ukisema, "Mimi sina ng'ombe hata mmoja, lakini hawa wote ni wangu."

Na mimi nikamwambia Kevo iko sawa. Nikaweka sahihi tena. Mara ya kwanza nilikuibia jina, mara ya pili nikakuibia mifugo.

Jana ilikuwa siku ya kuwaonyesha wageni. Walikuja maafisa wa elimu kutoka Kajiado, kwa sababu wakilipenda somo litapelekwa vyuo vingine vya kaunti, na likishapelekwa hakuna wa kulirekebisha. Fomu zangu zingeenda nalo. Mzee Harrison alivaa miwani, akaketi mbele, na alichokiona yeye sisi tulikiona ukutani. Alitembea barabara yote akieleza. Hili nililichora jua likiwaka. Lile mwenye duka alilia kwa furaha. Wageni walicheka, waliandika. Akafika kwenye bucha, ng'ombe akajaa ukuta mzima, masikio mazima, laini kama ya sanamu.

Mwalimu Sironka alikuwa amesimama karibu nami. Akaacha kutabasamu. "Mzee," akasema, "hii ng'ombe ni ya nani?"

Harrison akacheka, akasema ni yake, si ameichora yeye.

"Mimi nilikuwa nikipita hapo kila siku nikienda shule," Sironka akasema, taratibu tu, kama mtu anayejikumbusha. "Ilikuwa na alama kwa sikio. Tulikuwa tunabishana na wenzangu ni ya boma gani. Hatukuwahi kupata. Uliikata wapi, Mzee?"

Harrison akasema ng'ombe wa bango hakatwi masikio, na baadhi ya wageni wakacheka tena, lakini si wote. Hapo Kevo, maskini, akainua mkono akaeleza kwamba kweli kulikuwa na kitu, yeye alidhani ni kutu akaziba, na karani alihakiki.

Wote wakanigeukia.

Anti, unakumbuka siku niliyomwaga kopo la bluu kwenye ukuta wa duka la agroveti, nikajificha nyuma ya tangi la maji, nawe ukaja ukasema, "Toka, tufute kabla halijakauka"? Ni hayo tu yaliyokuja kichwani. Kabla halijakauka.

Nikasema, "Sikio la kushoto. Chini. Pembetatu moja. Ni alama ya Nduku."

Mzee Harrison hakuvua miwani. Aligeuza uso upande usio wangu, akawa anaitafuta sauti kule ndani, kwenye barabara yetu ya zamani, ukuta ukionyesha anavyoangalia mlango wa bucha, kisha ngazi, kisha mlango tena. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ni nani huyo?" Halafu akasema, "Unaongea kama yeye."

Sijawahi kuogopa namna ile. Nadhani na yeye aliogopa.

Alipoivua macho yalikuwa mekundu. Hakukana. Alisema, "Rangi ilikuwa yangu. Ngazi ilikuwa yangu. Wateja walikuja kwangu." Na Anti, nakuambia ukweli kwa sababu hatutadanganyana tena, hayo yote ni kweli. Alikutafutia kazi mpaka Magadi. Alikulipa. Nafikiri amejisemea ni kazi ya Harrison miaka mingi mpaka mkono wako umekuwa mkono wake.

Wageni waliomba chai. Ofisi ya mkuu wa chuo ikanipa barua: nisiripoti kazini, nisizungumze na wanafunzi, nisiguse rekodi, nifike mbele ya bodi Kajiado Jumatatu saa nne na ushahidi, au na maelezo kwa nini niliweka sahihi kwenye fomu za uongo. Kwa vyovyote fomu zilikuwa za uongo, Anti, na sahihi ni yangu. Hilo sitalikwepa. Nikimtaja Harrison, najitaja kwanza. Nimeandika maelezo hayo mara tatu. Kila mara najikuta nimetafuta neno laini, nalikata.

Mwalimu Sironka alinifuata langoni. Alisema atakuja kueleza alichokiona akiwa mtoto, lakini kumbukumbu ya mtoto watu huibishia. Akaniuliza kama kuna kitu cha kushika mkononi.

Kipo. Ile bucha ilipofungwa, Baba alilichukua bati akalifanya mlango wa banda la kuku. Aliweka mchoro upande wa ndani usipigwe na jua. Kuku ndio wamekuwa wakisoma NYAMA SAFI miaka yote hii, sijui wanajisikiaje. Na ziko brashi zako, ambazo sijamwazima mtu. Kila kipini kina pembetatu uliyoichonga kwa kisu. Bati na vipini, alama moja. Picha wanaweza kusema ni kutu. Rangi ya kukatia sikio ina ukingo, ukipitisha kidole unausikia.

Kesho nakuja nyumbani Mashuuru kulifungua. Nitapita kwako kwanza. Barua hii nitaikunja ndani ya mkebe wa brashi, niufukie mbele ya msalaba. Brashi zenyewe nitazibeba.

Siku ile tuliyokuosha, chini ya kucha zako kulikuwa na bluu ambayo haikutoka. Akina mama walitaka kukwangua. Nikawaambia waiache. Ndilo jambo la pekee nililowahi kukutetea, na hukulisikia. La jana sijui kama ulilisikia.

Lala, Anti. Sitakuahidi kwamba nitashinda, kwa sababu sijui. Nakuahidi kwamba Jumatatu nitafika kabla ya saa nne, nitasema uongo wangu kabla ya wake, na sitanawa mikono.

Ukitaka kunipata usije kwa lango la chuo, askari huandika kila jina. Mwombe Kevo. Jana jioni, kabla hawajamkataza, alilifungua lile sikio na kulirudisha lilivyokuwa, akaacha nafasi ya mchoraji tupu mpaka bodi iamue. Vaa miwani, pita karakana, pita mtaa wa mabango, fungua mlango wa tatu. Bucha iko mkono wa kushoto baada ya kinyozi. Simama chini ya sikio uite Karani. Wakiniachia kazi, nitakuwa hapo kila siku saa saba, wengine wakienda kula.

Wakinifukuza, nitafute kwa macho. Angalia mabango ya huku na huku, Tuala, Rongai, popote penye ukuta. Ukiona ng'ombe mwenye herufi zinazoyumba kidogo, kama za mtu anayeogopa, angalia sikio la kushoto.

Ni mimi.
Mwende